Picha Aliyoitaka Baba

Columbus, Ohio

Yaya Faida, dada yangu mkubwa,

Hamjambo huko Uvira? Magoti ya Baba yamepata nafuu, au bado anakwenda kanisani na fimbo? Sisi Mungu anatulinda, theluji tu ndiyo inatuchokoza.

Bon, nimepata ujumbe wako kwamba Baba anataka picha yangu nikifundisha, aionyeshe kanisani Jumapili akitoa ushuhuda. Yaya, niliifunga simu nikaenda kazini.

Kuna mzee ninayemwangalia katika nyumba ya wazee hapa Westerville. Ni Mmuskogi, mmoja wa wenyeji wa nchi hii kabla ya Wazungu. Hana wa kuzungumza naye lugha yake, donc ananifundisha mimi kila asubuhi nikishamwogesha. Ana ubao mdogo ukutani. Wiki hii tumefika kwenye kusema mtu ni nani. Kwao kazi inatangulia, halafu neno la mwisho linabeba "mimi ni". Akaandika: Mvhayv toyis, mimi ni mwalimu. Kisha mvhayv toyetskes, wewe ni mwalimu.

"Haya, sema yako."

Nikachukua beseni, nikaenda kumwaga maji. Waumini wenzetu hapa bado wananiita Mwalimu, wananipa kiti cha mbele, na mimi nakaa! Lakini chaki sijaishika tangu nifike Amerika.

Jana nilikuja kazini na tai mfukoni. Nilitaka mwenzangu anipige picha mbele ya ubao ule. Mzee akaniona nikiifunga.

"Unakwenda kumzika nani?"

Nikamweleza yote. Hakucheka.

"Baba yangu nilishamzika," akasema. "Wako angali anasikia, na wewe unamfungia tai?"

Niliona haya, Yaya. Baba aliuza ng'ombe wake ili nisome. Nilimdanganya miaka yote hii kwamba nafundisha, kwa kuogopa aseme ng'ombe walipotea bure.

Picha ni hii. Aliyeshika kalamu ubaoni ni mzee. Mimi ni huyo mwenye nguo za buluu, beseni mkononi. Nawaogesha wazee, nawalisha, nawageuza kitandani. Wengine wananitukana, wengine wanalia nikitoka.

Nisalimie shemeji, mama mdogo na mapacha wako, hata yule mtundu. Mchungaji naye mpe mkono wangu.

Barua hii msomee Baba kabla ya Jumapili, usiruke neno. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Na akitaka bado kuionyesha picha kanisani, aionyeshe.

Mdogo wako akupendaye,
Bahati