Gogo Lililokatika Gatini

Rufiji, Jumatano usiku

Pamba haivunji gogo.

Kila siku mkokoteni wa pamba huteremka gatini, ukaligonga gogo na kusimama. Leo umeshuka kwa kasi ileile, gogo likakatika. Kasi ikiwa moja, kizito ndicho hugonga kwa nguvu, nilifundishwa Tanga. Tena kuupandisha tutani walihema watu wanne, si wawili.

"Imelowa, karani," nyapara akacheka.

Mvua gani? Marobota yale ya pamba yanavushwa ng'ambo ya mto, kwa waliokunywa maji ya vita. Nashuku ndani mna risasi. Nikisema, nyapara atanyongwa, nami wenzake hawataniacha hai.

Jioni nyapara akanishika bega. "Kesho ipo mikokoteni miwili. Weka gogo nene, mwanangu."

Mdachi akiuliza, nitasema lilioza.

Halikuoza.