Prosesa Nane za Fundi Shabani

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza saa nne asubuhi na mpaka sasa haijakata. Mtaa wote wa Ngagara ni matope. Nimevua viatu, nimekaa kitandani, na ninaandika kwa simu kwa sababu leo sitaki kuona kompyuta yoyote.

Nimefanya jambo la aibu. Nitaliandika lote, hata sehemu ambazo ningependa kuziruka.

Kwa asiyenijua: ninafundisha kompyuta katika kituo kidogo cha mafunzo hapa Ngagara. Wanafunzi wangu ni wanawake watu wazima, wengi walilea watoto kwanza ndipo wakarudi kwenye daftari. Tuna kompyuta nane. Ni za zamani sana, tulipewa na ofisi moja iliyokuwa inazitupa, lakini kwa kuandika barua na kupanga majedwali zilitutosha miaka yote hii. Sasa mtihani wa cheti cha ukatibu muhtasi umehamia kwenye mtandao. Ukurasa wa mtihani unataka programu mpya, na programu hiyo ikiingia kwenye kompyuta zetu inakataa kufunguka. Inasema prosesa haifai.

Prosesa ni kile kipande bapa, kidogo kama biskuti, ndicho kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Za kwetu zimezeeka. Kompyuta mpya kituo hakiwezi kununua. Basi directrice wetu, yaani mkuu wa kituo, akaniuliza kama ninaweza kutafuta prosesa nyingine, zilizotoka baadaye kidogo, lakini zinazoingia kwenye kiti kile kile cha zamani, pale prosesa inapokaa.

Nikasema ninaweza. Nilisema haraka mno.

Nilizunguka wiki mbili. Mjini kati wauzaji waliniangalia kana kwamba ninaulizia redio ya babu yangu. Kamenge, mwenye duka mmoja karibu na hospitali ya chuo kikuu aliniambia nisijisumbue, kuna watu wanapita mitaani wakinunua prosesa za zamani kwa kupima, wanakwenda kuziyeyusha ili watoe dhahabu kidogo iliyomo. Kanyosha nilipata mbili. Zote zilikuwa zimeungua.

Mwishowe nikaenda mahali nilipopaswa kwenda siku ya kwanza. Nilikuwa ninapaepuka, na sababu ninaijua.

Buyenzi, kwa Fundi Shabani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia kwenye karakana yake kumwomba anipokee. Mafundi wa jirani walicheka sana, msichana anataka kushika chuma cha kulehemu! Fundi Shabani hakucheka. Aliondoa redio iliyokuwa juu ya kiti, akanisogezea kile kiti, akaendelea na kazi. Nilikaa pale miaka sita. Kila kitu ninachojua kuhusu mashine nilikipata kwa mikono yake.

Miaka miwili iliyopita kisukari kilimpofusha kabisa. Karakana ikafungwa. Na mimi, katika miaka hiyo miwili, nilikwenda kumwona mara mbili tu. Niliwaambia watu kwamba nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikuweza kumwangalia akipapasa kikombe cha chai.

Safari hii nilipofika, alinitambua kwa salamu. Nilimweleza shida yangu hata kabla sijamuuliza afya, na yeye uso ukamchangamka kama mtu aliyerudishwa kazini. Akamwambia mkewe, Mama Zuhura, atoe mkebe chini ya kitanda. Ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga. Ndani, kila moja imefungwa kwenye kipande cha sponji, zilikuwamo prosesa alizotoa kwenye kompyuta zilizokufa, miaka na miaka. Alizipapasa moja moja kwa kidole gumba. Alijua ipi ni ipi kwa mpangilio aliouweka wakati bado anaona.

"Chukua hizi nane, Conso," akasema. "Kiti ni kile kile. Zitaingia. Lakini zikiwaka, unipigie. Mi nataka kujua."

Mama Zuhura alinisindikiza mpaka barabarani. Huko akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wale wanunuzi wa dhahabu walikuja pale nyumbani mara tatu. Mara moja walikuja wakati dawa za mzee zimekwisha. Alimsihi auze. Mzee alikataa kabisa, akasema iko siku mtu atakuja kuzitafuta zifanye kazi.

Zikaingia kweli. Kila moja ilikaa kwenye kiti chake bila kunisumbua. Nikapaka ile krimu ya kijivu ya kupooza prosesa, nikafunga feni, nikabonyeza. Feni ikazunguka.

Skrini ikabaki nyeusi.

Nikajaribu ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Zote hivyo hivyo. Shida iko kwenye kadi mama, ambayo mafundi wa hapa huiita carte mère, ule ubao mkubwa ambao vipande vyote vinakaa juu yake. Kiti ni sawa, lakini ubao wenyewe ulitengenezwa kabla ya prosesa hizi, hauzitambui. Wakati mwingine unaweza kuufundisha ubao kwa kuuwekea programu ndogo mpya, lakini kwa kompyuta za aina yetu waliozitengeneza hawakuwahi kuitoa. Siku kumi nilipambana. Nilizichanganya, nikasafisha, nikasoma kila nilichoweza kusoma.

Jumamosi Fundi akapiga simu mwenyewe.

"Conso, ziliwaka?"

Nilikuwa nimesimama jikoni na kijiko mkononi. Nilisikia pumzi yake kwenye simu, anangoja.

"Ziliwaka, Fundi. Zote nane."

Aliita kwa sauti kubwa, "Mama Zuhura! Zote nane! Alhamdulillah!" Kisha akaniuliza kama wanafunzi wamefurahi. Nikamwambia wamefurahi sana. Akaniuliza kama watafanya mtihani. Nikamwambia watafanya. Aliponiaga alikuwa bado anacheka.

Nilijiambia ni uongo mdogo, wa kumpa mgonjwa furaha. Nikaendelea kupika.

Jumatatu nilimweleza directrice ukweli. Akasema basi kituo hakitapeleka mtu kwenye mtihani safari hii. Tuliwaambia wanafunzi pamoja. Odette, ambaye ana miaka hamsini na moja na huja kwa miguu kutoka Kamenge, aliuliza mtihani mwingine ni lini. Mwakani, tukasema. Aliifuta kibodi yake kwa ncha ya kitenge, akaifunika, akatoka bila kuaga. Sijamwona tena tangu siku hiyo.

Sasa ya leo.

Masomo yamesimama, kwa hiyo nilikuwa peke yangu darasani, nimekuja na bisibisi kutoa prosesa za Fundi na kurudisha zile za zamani, angalau wanawake waendelee kuandika barua. Sijafungua hata boksi la kompyuta ya kwanza nikasikia hodi mlangoni.

Alikuwa yeye. Kanzu nyeupe, safi ya kwenda msikitini, imelowa mpaka kifuani na ina matope mpaka magotini. Mama Zuhura amemshika mkono, mwavuli wao umevunjika upande mmoja. Siku hizi mafuta ya gari hayapatikani, walikosa hata tuktuk. Walikuwa wametembea kutoka Buyenzi mpaka hapa kwenye mvua, mtu asiyeona, mwenye vidonda vya miguu.

"Tangu Jumamosi hana raha," Mama Zuhura akasema, anacheka huku anahema. "Kila siku, nipeleke nikazisikie, nipeleke nikazisikie. Nikachoka naye. Nikasema twende."

"Mi sikai sana," Fundi akasema. "Uziwashe tu, Conso. Nisikie, nirudi zangu."

Wiki hii umeme umekatika kila siku. Mungu anisamehe, nilisimama pale nikiomba ukatike.

Haukukatika.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa watatu tu, mlango umefungwa, mvua inapiga mabati kiasi kwamba hata jirani asingesikia. Maneno yalikuwa machache. Ningesema Fundi, nisamehe, hazikuwaka.

Nikabonyeza.

Moja baada ya nyingine, mpaka nane. Feni zikaanza kuzunguka, chumba kikajaa mvumo. Fundi alisimama katikati, maji yanamtiririka kwenye kanzu, akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu karakana ifungwe. Mama Zuhura akapiga makofi. Kisha akaniuliza mbona skrini ni nyeusi. Nikamjibu kwamba nimezizima ili zisile umeme. Jibu lilitoka bila hata kusita. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Fundi akanyoosha mkono, akaifikia meza ya kwanza. Akainama, akaweka sikio karibu na kompyuta. Alikaa hivyo kwa muda.

Ndipo nilipokumbuka. Kompyuta iliyo hai ukiiwasha, feni hupiga kelele sekunde chache tu, halafu hushuka. Hutoa mlio mmoja mfupi. Diski inaanza kuguguna. Yeye mwenyewe alinifundisha hivyo mwaka wa kwanza, kwamba kabla hujafungua mashine, isikilize. Hizi hazikushuka. Zilinguruma kwa nguvu zote, nane, na ndani yake hakuna kitu kilichoguguna.

Moja ilimtosha kujua. Lakini alikwenda mpaka ya pili, na ya tatu, anapapasa kona za meza, anainama, anasikiliza. Alizipitia zote nane. Alipofika ya nane lile tabasamu lilikuwa limekwisha, na uso wake ulikuwa wa mzee sana.

"Zinaenda, mzee?" Mama Zuhura akauliza.



"Zinaenda," akasema. "Zinaenda muzuri sana. Conso amefanya kazi."

Akamwomba mkewe aende ofisini kwa directrice amtafutie maji ya kunywa. Mama Zuhura akatoka. Fundi akangoja mpaka hatua zake zimeisha kwenye ukumbi.

"Uzizime. Unapoteza umeme wa watu bure."

Nikazizima. Ikabaki mvua peke yake.

"Ni carte mère," akasema.

"Ni carte mère, Fundi."

"Nilipashwa kukuuliza ni ya mwaka gani. Sikuuliza. Mtu anakuja na shida, unamuuliza kwanza carte mère. Nilifurahi mbiyo, nikasahau."

Alikuwa anajilaumu yeye! Nilianza kusema kitu, sijui hata nini, akainua mkono ninyamaze.

"Sikia. Tangu macho yalikufa, watu wote wananidanganya. Muganga anasema yatarudi kidogo kidogo. Watoto wangu wanasema wamepaka nyumba rangi, na mi nagusa ukuta naona ni ule ule. Huyu mwanamuke anasema amesha kula, na hajakula. Nimezoea. Ni watu wa nyumbani, wananionea huruma. Lakini we..." Akatafuta neno. "We mi nilizania utaniambia kweli. Sababu we ni fundi."

Nililia. Alinisikia ninalia, na hakusema pole. Sikutaka aseme.

Mama Zuhura akarudi na glasi ya maji. Fundi akanywa yote, akashukuru, akasema twende. Nilichukua mwavuli wangu niwasindikize hata mpaka barabara kubwa. "Apana," akasema, "baki na kazi yako." Mama Zuhura alinikumbatia kwa furaha, akanibariki, akanibariki tena. Niliwaangalia wakivuka yale matope polepole, yeye anamwelekeza pa kuweka mguu.

Nimezitoa prosesa zote. Nimezifuta krimu, nimezifunga kwenye karatasi, ziko mezani hapa nyumbani. Tangu nifike nageuza jambo moja kichwani. Nikizirudisha, Mama Zuhura atazipokea yeye, na atajua. Atajua kwamba mumewe alimdanganya leo ili kuniokoa mimi. Atajua pia kwamba siku ile alimsihi auze wanunue dawa, akakataliwa, na vitu vyenyewe havikuwasha kitu. Nisipozirudisha, uongo wangu utaendelea kukaa katika nyumba ile pamoja na mingine yote, na huu Fundi atalazimika kuubeba yeye, kila mgeni akiuliza habari za zile kompyuta.

Nimefikiri pia kumuuliza Fundi peke yake na kumwachia yeye aamue. Lakini hiyo ni njia yangu ya zamani, kutafuta mlango wa nyuma.

Kesho ni Ijumaa. Nitasubiri watu watoke msikitini, kisha nitakwenda Buyenzi. Nitakaa mbele yao wote wawili, nitaweka prosesa nane juu ya mkeka na nitaanza na neno lile nililoshindwa kulisema leo. Fundi akinifukuza, nitatoka. Asiponifukuza, nitamuuliza kama anakubali nije kila Ijumaa, bila shida ya kompyuta yoyote, kumwona tu. Nilipaswa kuuliza hivyo miaka miwili iliyopita.

Fundi hatauona uso wangu nikiwa nasema. Mama Zuhura atauona.