Faili Lililoitwa Tanga

Kasulu, Jumamosi, Oktoba 2014

Leo kumekucha na manyunyu, yale ya kwanza ya msimu, na ukungu umekaa juu ya migomba mpaka karibu saa nne. Mimi mtu wa Tanga baridi ya huku bado inanishinda, nimevaa masweta mawili na soksi. Lakini nina furaha, shajara yangu. Furaha ya kutaka kuruka kamba.

Nimesafisha kompyuta ya shule!

Anayesoma hapa kwa mara ya kwanza ajue kwamba shule yetu ina kompyuta moja kwa walimu kumi na wanne. Mimi, mwalimu wa jiografia, nimekabidhiwa kuitunza kwa sababu siku moja nilijisifu kwamba nachapa kwa vidole vyote kumi. Nilijitakia mwenyewe.

Shida yetu ni umeme. Ukikatika, kile kisanduku cha kuhifadhia umeme kilicho chini ya meza kinaanza kulia pi, pi, pi, na hapo una dakika mbili za kuokoa kazi yako. Nani atakumbuka folda? Unaliacha faili palepale kwenye uso wa kompyuta, kwa jina la kwanza linalokuja vidoleni. Ndiyo maana ukiwasha mashine yetu unapokelewa na "aaaa", "haraka", "haraka2", "umeme tena" na "jamani". Kuna "MTIHANI MWISHO", kuna "MTIHANI MWISHO KABISA", na kuna "MTIHANI HUU NDIO WENYEWE", ambao nimeufungua nikakuta ni ratiba ya usafi wa vyoo.

Saa tatu nimeingia ofisini na chupa yangu ya chai, nikajifungia. Nimetengeneza folda nne, moja kwa kila kidato, na ndani yake folda za masomo. Kila faili nimelifungua, nikalisoma, nikalipa jina linaloeleweka: kidato, somo, mwezi. Nisilolijua mwenyewe wake nimeliweka kwenye folda inayoitwa SIJUI, wenyewe waje watambue watoto wao. Sikufuta kitu cha mtu.

Jamani, raha yake! Chini ya yale mafaili kulikuwa na picha. Miaka miwili nafanya kazi kwenye mashine hii na sikuwahi kujua kwamba nyuma kuna picha ya mahafali, walimu wote tumesimama mbele ya bwalo. Kila faili nililoondoa lilifunua mtu. Ametokea mkuu wa shule, wametokea wapishi, nimetokea mimi nimefumba macho. Nimecheka peke yangu mle ndani mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Mwisho kabisa, kwenye kona, ametokea Mwalimu Gwimo.

Sasa niseme ukweli, maana hapa ndipo mahali pake.

Mwalimu Gwimo anafundisha fizikia. Ni Muha wa hapahapa, mtu mzima, mpole, na flashi yake inazunguka steshenari zote za mjini ikikusanya virusi. Wiki mbili zilizopita alama za maendeleo za kidato cha nne zilitoweka. Nilikuwa nimezichapa mimi, masomo yote, darasa zima. Mchana wa siku hiyohiyo Mwalimu Gwimo akachomeka flashi yake, kesho yake nikafungua folda niliyoiandaa kwa alama hizo nikakuta tupu. Nikasimama wakati wa chai, mbele ya walimu wote, nikasema flashi ya Mwalimu Gwimo imekula alama za watoto. Sikuishia hapo. Nilichapa karatasi kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani, juu ya kioo cha kompyuta: FLASHI YA MWL. GWIMO ISICHOMEKWE HAPA.

Tangu siku ile, kila Jumamosi Mwalimu Gwimo anapanda pikipiki yake kwenda kwa wanafunzi kutafuta karatasi za majaribio ya zamani, ili alama zikusanywe upya. Zinatakiwa kwenda wilayani Jumatano. Zisipokwenda, watoto wale wataingia kwenye mtihani wa taifa bila jasho lao la miaka miwili kuhesabiwa.

Leo, saa tano na nusu, nimebofya faili linaloitwa "tanga".

Alama zote. Kila jina, kila somo.

Nimepiga kelele. Nimekizunguka kiti. Halafu nikakaa, kwa sababu shuleni pale hakuna mtu mwingine wa Tanga. Nikakumbuka vizuri kabisa: kisanduku kinalia, vidole vyangu vikaandika jina la kwetu, nikakimbilia darasani. Ile folda ilikuwa tupu kwa sababu sikuwahi kuweka kitu ndani yake.

Nikampigia simu. Alikuwa kijijini Muyama, uani kwa mwanafunzi mmoja, nasikia kuku.

"Shikamoo, Mwalimu. Alama nimezipata."

"Marahaba, Madam. Imana ashimwe, Mungu ashukuriwe! Zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Nilizihifadhi vibaya mimi. Flashi yako haihusiki. Naomba unisamehe."

Nimesikia akiwafukuza kuku.

"Hakuna neno, Madam. Watoto wamepona," akasema. "Ila ile karatasi... bado iko?"

Nikainua macho. Ilikuwepo, juu ya kioo changu kisafi, imeshikwa na gundi ya karatasi pande zote nne. Asubuhi nzima nimepangusa vumbi pembeni yake.

Kuibandua ni rahisi, na leo hakuna ambaye angeniona. Lakini ile karatasi wameisoma walimu wote, na wanafunzi wanaoleta madaftari wameisoma. Nikaketi nichape nyingine, kwa herufi kubwa zilezile. Nilipofika kwenye jina langu, pi, pi, pi. Umeme ukaenda zake.

Safari hii sikukurupuka. Nimefungua folda ya ofisi, nikaandika jina zima bila kuruka herufi: RADHI KWA MWALIMU GWIMO, OKTOBA. Kisha nikazima mashine taratibu. Printa nayo imekufa, kwa hiyo nimeigeuza karatasi ileile upande wa nyuma na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: ALAMA ZA KIDATO CHA NNE ZIMEPATIKANA. ALIYEZIPOTEZA NI MIMI, MADAM ZUHURA. MWALIMU GWIMO HAKUKOSEA.

Itakaa pale wiki mbili, sawa na ile ya kwanza.

Sasa niko nyumbani, nayaandika haya kwa simu, chai ya tangawizi mkononi. Bado najisikia kuruka kamba kila nikiikumbuka ile kona ya picha bila faili hata moja. Jumatatu wakati wa chai nitasimama palepale niliposimama siku ile, niseme kwa mdomo, wote wasikie. Halafu nitamwomba Mwalimu Gwimo flashi yake niichomeke mwenyewe.

Nitaikagua virusi kwanza, lakini. Hilo nalo nitamwambia.