Skripti Ile Niliigusa Mimi

Mpendwa mpwa wangu Zawadi,

Nimekukosea. Ile skripti ya kompyuta niliiharibu mimi mjomba wako, halafu nikanyamaza watu wa Golbanti wakakulaumu wewe.

Unakumbuka tulivyoanza, nyuma ya duka langu la kuchapa hapa Garsen. Uliandika laibrari, yaani kifurushi cha programu, ya kusoma kimo cha mto, maji yakipanda huko juu wakulima wa Golbanti wapate ujumbe kwa simu kutoka kompyuta yao, wavune mapema. Mimi nilijifunzia kwako. Uliniambia kompaila ndiyo inageuza maandishi yetu yawe kitu mashine inaweza kuendesha, na kila kompyuta ina yake. Kwa hivyo skripti, yale maagizo ya kujenga laibrari kwenye kila kompyuta, lazima iulize kwanza: hapa kuna kompaila gani?

"Mjomba, shamba la mtu unaingia bila hodi?"

"La mtu, hapana. La mke wangu, naingia."

"Basi kompyuta ya Golbanti si ya mke wako. Acha iulize."

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ulipoenda Hola kufanya mtihani, nikaona skripti inapoteza wakati bure kuuliza kitu nakijua. Nikafuta sehemu yote ya kutafuta, nikaandika jina la kompaila ya mashine yangu tu. Hapa dukani ikajenga vizuri. Kwingine sikuijaribu. Nikawatumia Golbanti, nikawaambia wafute ya zamani kwanza. Ya kwao ni kompaila nyingine. Skripti ikatafuta yangu, ikakosa, ikasimama. Wakabaki bila kitu, na mimi sikupiga simu kuuliza.

Maji yakaja. Ujumbe haukuja.

Kwenye mkutano wa wakulima kule Golbanti, Mama Rehema, mmoja wao, alisema, "Zawadi, mashine yako imelala kuliko mume wangu." Watu wakacheka, lakini mahindi yake yalikuwa yanaozea majini. Ukageuka, ukaniuliza polepole, "Mjomba, kuna kitu uligusa?"

Nikasema, "Mimi ni mtu wa kuchapa karatasi, ningegusa nini?"

Nafikiri ulijua. Ungeifungua skripti pale pale wangeona wote. Lakini mimi ni kaka ya mama yako, hukutaka kuniaibisha mbele ya watu. Uliwaambia pole, ukachukua mkoba, ukaenda zako Malindi. Tangu hapo hujaigusa kazi yako nzuri. Hilo ndilo linaniuma, hata nikiwa na wateja dukani.

Mama Rehema amepanda tena kando ya mto. Ujumbe wa simu hautaki. Anasema atachungulia maji kwa macho yake.

Sikuombi urudi. Sehemu yako ya kuuliza nimeshairudisha kama ulivyoiandika. Jumamosi hii, kabla ya adhuhuri, nitakuwa Golbanti. Nitaijenga kwenye mashine yao, wakiona, na Mama Rehema akiwa hapo nimwambie kwa mdomo wangu ni nani aliyelala.

Kaa salama, mwanangu.

Mimi mjomba wako,
Garsen