Baiskeli ya Kulala Imeshindikana

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti limepunguza kukusumbua. Shemeji naye vipi, kifua kimetulia? Mimi huku Kariakoo nipo nipo tu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ulimi wangu unakuwa mzito, nawe ukinisikia hivyo unaanza kulia, basi hatuzungumzi tena.

Uliniuliza habari za baiskeli. Ni ile ya kulala niliyoipata kwenye mitumba baada ya kuugua kiharusi. Unakaa umeegemea nyuma, miguu imenyooka, pedeli ziko mbele kabisa na mnyororo unazungusha tairi la mbele. Mguu wa kushoto nilikuwa naufunga kwenye pedeli kwa mpira, naenda vizuri tu. Shida ilikuwa kusimama. Nikisimama kwenye watu mguu haushiki chini, naanguka. Na watu wa hapa watakuokota, lakini huku wanakusema.

Basi nikaipeleka mtaa wa Gerezani kwa Fundi Mashaka, anayeunda maguta, yale matoroli ya pedeli ya kubebea mizigo, aifanye iwe ya matairi matatu. Akakata nyuma, akachomelea ekseli ya guta na bodi ya kubebea mzigo. Tukaijaribu pale Mnazi Mmoja ikiwa tupu. Dada, nilizunguka, nikasimama ninapotaka, sianguki, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikampigia Mama Jayshree wa Upanga, yule ninayempelekea unga wa dengu na mafuta ya kukaangia kachori zake, nikamwambia Jumatatu narudi kazini.

Jumatatu wapagazi wakapakia mzigo nyuma kabisa, maana guta ndivyo linavyopakiwa. Mimi na fundi tukaona sawa. Tulisahau kwamba guta linasukumwa na matairi ya nyuma, na hii yangu inavutwa na la mbele. Mzigo ukakandamiza nyuma, mbele kukawa kwepesi. Kufika penye tope, tairi likawa linazunguka palepale. Napiga pedeli, siendi. Bajaji nyuma yangu zinapiga honi, dereva mmoja akaniambia, "Mzee, toa kitanda chako barabarani." Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka.

Fundi akafunga kopo la zege mbele ili kuongeza uzito. Tairi likashika. Lakini usukani wa baiskeli hii unageuka pamoja na pedeli. Zamani ilipokuwa na matairi mawili, ikivuta pembeni nailaza kidogo inarudi. Sasa hailali. Mguu mmoja una nguvu, mwingine hauna, kwa hiyo kila nikikanyaga inakwenda upande, na mkono wa kushoto hauwezi kuizuia. Nikaingia nayo kwenye meza ya muuza soksi. Akaziokota soksi zake kwenye tope bila kunitukana. Bora angenitukana.

Fundi aliikagua mbele na nyuma. "Kaka Saidi," akasema, "hapa nimefika mwisho. Tatizo siyo chuma tena."

Mama Jayshree naye alisema, "Saidi, wewe pumzika kwanza. Ukipona utarudi." Mzigo wake sasa anaubeba mtu wa bodaboda. Hakusema kwa ubaya, yule mama ananipenda, ila tulishindwa kutazamana.

Dada, nimechoka. Naamka asubuhi, nakaa kitandani, sioni nivae nguo niende wapi. Jirani ananiletea uji, nami naona aibu kuupokea.

Nisalimie mama mdogo Somoe, na binti yako aliyejifungua. Mwambie mjomba amefurahi sana.

Ombi langu ni moja. Nataka kuja nyumbani, na ngazi za basi siziwezi peke yangu. Mwambie shemeji aje anichukue. Nguo zangu ni chache, atakayebebwa ni mimi. Majirani wakiuliza, waambie nimekuja kusalimia.

Mdogo wako,
Saidi