Jivu kwenye Fremu za Plastiki

Jumatatu, 2 Desemba 1963
Makubwa! Leo nimeona dirisha lisilo la mbao wala chuma. Fremu nyeupe, laini, zinang'aa — plastiki! Zimekuja kwa meli kutoka Ulaya, za nyumba mpya ya kampuni hapa Changamwe ninapofagia. Jumamosi jioni wakubwa watakuja kuitazama. Na Tsuma, fundi wetu wa rangi, kapaka kuta bila kufunika fremu! Matone ya buluu yamekauka kwenye madirisha yote manane. Bwana Ishaka, msimamizi, kamwambia tapentaini, ile dawa ya kutolea rangi, ni marufuku, itaharibu plastiki. Na madoa yasipotoka kufikia Ijumaa, kazi hana. Mkewe ni mja mzito. Kakwangua kwa kucha kutwa nzima, wapi!

Jumanne, 3 Desemba
Nimepata dawa. Jivu! Chemni za taa tunazisugua kwa jivu na kioo kinatakata, sembuse plastiki? Kesho nabeba la kwangu.

Jumatano, 4 Desemba
Nilimwambia Tsuma aniachie mimi. Jivu, maji, kumbi la nazi — sugua, sugua. Rangi ikatoka! Bwana Ishaka akapita fremu zikiwa bado zimelowa. Akasema wallahi Mama Baya, mikono yako ina baraka, maliza yote. Nikavimba kichwa. Nimemaliza saba. Limebaki la jikoni.

Alhamisi, 5 Desemba
Mungu wangu.
Zimekauka. Mng'aro wote umekwisha. Fremu saba, mikwaruzo mitupu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga! Nikazimwagia maji, zikang'aa. Zikakauka, zikafifia tena. Kumbe jana maji yalinihadaa!
Bwana Ishaka akaingia. "Nani metia tapentaini hapa?" Jivu langu aliliona jana, hakulishuku; hata kwao chemni husafishwa hivyo hivyo. Akamkazia macho Tsuma. Tsuma akaapa hajagusa chupa. Kafukuzwa palepale, brashi zake mkononi.
Na mimi? Nilishika ufagio, nikafagia. Nikifukuzwa, Baya wangu atasomaje? Lakini naona haya.

Ijumaa, 6 Desemba
Dirisha la jikoni sikuthubutu kulisugua. Asubuhi nililifungua tu, mikono bado ina mafuta ya nazi, nimetoka kujipaka nywele. Mchana nikapitisha ukucha kwenye tone — likabanduka zima! Chini yake plastiki inang'aa vilevile. Nikapangusa mafuta kichwani, nikapaka matone mengine, nikangoja, yote yakatoka.
Mafuta ya nywele! Chupa nzima iko kwangu kabatini. Nilikaa sakafuni nikalia.

Jumamosi, 7 Desemba
Tsuma yuko mlangoni. Kaja na mkewe, kwa miguu, tumbo lile! Hajui kuwa ni jivu langu lililoharibu. Kaanza kwa kunishukuru — kunishukuru! — eti nilijitesa kwa ajili yake. Kisha akasema, "Mama Baya, wewe ulikuwepo. Twende kwa Bwana Ishaka ukamwambie sikushika tapentaini. Wewe atakusadiki."
Nimewaambia wangoje nivae leso. Leso nimeshavaa, nimekaa kitandani naandika. Jivu bado limo kwenye kucha, halitoki. Chupa ya mafuta nimeitia kikapuni, nikaungame yote. Nimeitoa. Nimeitia tena.
Mkewe anauliza kama ninaumwa.
Tsuma anamjibu: mwache, Mama Baya hawezi kututupa.