Maua Niliyong'oa Mpakani

Jumatatu, 5 Mei
...na si uongo, hata akipiga miayo Njeru wangu anapendeza. Wiki tano za ndoa! Amerudi kazini Meru asubuhi, nitamwona Jumamosi. Nimepamba nyumba yetu. Yetu! Nimeng'oa yale maua meupe yaliyojipanga kando ya shamba, yote, nikayapanda chini ya dirisha la chumba chetu. Nililelewa nyumba za kupanga, mtaa wa Dallas mjini. Sikuwahi kuwa na maua yangu.

Alhamisi, 8 Mei
Mafundi wa seng'enge wamefika. Njeru aliwaambia kwa simu wafuate itoka. Nikauliza itoka ni nini. Fundi akacheka: "Madam, umeolewa Manyatta na hujui itoka? Si ni yale maua ya mpaka!"
Maua yangu ya dirishani! Mvua imeshafuta mashimo. Nikanyoosha kidole. "Hapo." Nilikisia tu, kwa aibu. Wameng'oa miti minne ya kahawa kupitisha waya.

Jumapili, 11 Mei
Juzi niliyatupa maua chooni, Njeru asiyaone.
Leo tumetoka kanisani tukamkuta Cucu Ciarunji, bibi kizee mjane, jirani yetu, kwenye seng'enge. "Kijana, hiyo kahawa niliipanda mama yako akitambaa!" Njeru akamwambia ni yeye aliyeng'oa itoka ili aibe shamba. Atampeleka kwa chifu. Nilisimama pale na Biblia mkononi. Kisha nikaingia ndani kupika chai.

Jumatano, 14 Mei
Silali. Chifu ametuita Jumamosi. Sokoni wanamwita Cucu mwizi wa mpaka. Wanasema anayeng'oa itoka amejilaani. Leo Cucu amenipitishia ndizi juu ya seng'enge. Mimi!
Nimempigia Njeru, nimesema yote. Alikata simu.

Jumamosi, 17 Mei
Nimesema mbele ya chifu: ni mimi. Njeru akamwomba Cucu msamaha. Mpima ardhi akaja na ramani, majirani wakishuhudia. Bikoni, lile jiwe la mpaka, ilikuwa imefukiwa na udongo. Tuliingia kwa Cucu hatua nne. Mpima akauliza kwa nini hatukumwita kabla ya kununua. Muuzaji alituonyesha maua, tukaridhika. Tulikuwa tunapanga harusi.

Jumapili, 18 Mei
Seng'enge imerudishwa kwenye mpaka. Njeru amenishika mkono, ila haongei sana. Nampenda. Ile miti minne ya kahawa imekufa.
Jana Cucu aliniita binti, akasema tu, "Mwari wangu, ungeniuliza." Neno hilo linanichoma kuliko laana. Tangu nije hapa sijaingia kwake hata siku moja. Nitaenda, peke yangu, nikae, anifundishe kila kinachoota huku. Kabla mwezi haujaisha nitaenda.